Meli Mama na Mizinga ya Papa Musafiri

Nyinyi mnaoanza darasa la ufundi la Jumamosi, mkiingia ukumbi wa kanisa mtaiona meli yangu kabla hamjapata kiti. Iko pale mlangoni ndani ya sanduku la kioo, nyeusi ubavuni, manjano kwenye dohani, na ina mizinga minne ya shaba inayong'aa kuliko kitu chochote humo ndani, ukiacha viatu vya Pasta. Mtaambiwa ni meli mama ya zama za Malkia Viktoria. Mtaambiwa ilichorwa na darasa. Halafu mtaambiwa msiguse kioo.

Niliichora mimi. Naitwa Mapendo, binti wa fundi cherehani wa mtaa wetu huu wa La Rochelle, kusini mwa jiji la dhahabu, nina miaka kumi na minane na nimestaafu. Chekeni tu. Amani, yule Mrundi aliyekuwa fundi wangu wa winchi, alicheka mpaka akakaa chini. "Eish, Mapendo! Baba yako mwenyewe bado yuko kwenye cherehani, wewe unastaafu nini?" Sikumjibu. Mimi sijibu watu, ndiyo tabia yangu. Hata kwenye kwaya nilikuwa nafungua mdomo tu bila kutoa sauti, na mwalimu wa kwaya akanisifu kwamba sikosei.

Injinia Wekesa, mwalimu wenu, ameniomba nije nizungumze nanyi juu ya kazi ya kuchora meli. Kuzungumza siwezi. Kuandika naweza, tena nikiandika hakuna anayenikatiza. Basi someni, na mkichoka rukeni, lakini pale nitakapofika kwenye kulabu msiruke.

Nianze na kura. Chama cha wazee wanaounda meli ndogo, wale wanaokutana kwenye bwawa la Wemmer Pan na meli ambazo ukiziita za kuchezea wananuna, kiliandaa shindano la vijana. Kila kundi liunde meli moja ya enzi za mvuke. Karatasi zikatiwa kwenye kofia. Kundi la mtaa wa Observatory lilitoa manowari kubwa, wakapiga kelele kama wamefunga goli. Amani akatia mkono, akatoa ya kwetu, akaisoma mara mbili.

"Meli ya kuhudumia mashua za topido. Sasa hii ni nini? Ni nesi?"

Ni nesi kweli. Siku zile za Malkia, wanamaji walikuwa wamepata silaha mpya, topido, yaani bomu linalojiendesha lenyewe ndani ya maji. Wakaunda mashua nyembamba za mbio za kuibeba na kuirusha. Mashua zile zilikuwa kali kama nyigu, lakini safari ndefu haziwezi: makaa yanaisha, mitambo inakorofisha, mabaharia wanalowa na kutapika. Ikabidi iundwe meli kubwa ya kuzibeba mgongoni, yenye karakana tumboni ya kuzitengeneza, na winchi za kuzishusha majini na kuzipandisha tena. Meli hiyo haishindi vita. Inalea. Nilipoielewa niliipenda kabisa, na manowari mpaka leo sijaipenda.

Jaribio letu lilikuwa moja: meli iinue mashua yake kutoka sitahani, yaani sakafu ya juu, iitoe nje ya ubavu, iishushe majini, iirudishe juu, na muda wote isimame wima. Mchoraji wa kundi litakaloshinda angepewa nafasi ya kufanya kazi likizo ya Desemba katika ofisi ya wachoraji ya kampuni moja inayotengeneza winchi za migodini. Meza yako, taa yako, na watu wazima wanaokuuliza wewe unaonaje. Nililitaka hilo kuliko nilivyotaka kufaulu mitihani. Sikumwambia mtu, lakini Baba alijua, maana nilianza kuchonga penseli mpaka zikawa kama sindano.

Hatukushinda. Nawaambia mapema ili msisome mkitegemea vigelegele. Vigelegele vilikuwepo, ila vilipigwa mahali pasipostahili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kifundi, na mtalicheka kwa haki. Meli huanza na mataruma, yaani mbavu. Unachora umbo la kila ubavu kwenye karatasi, unakata mbao kwa umbo hilo, unazipanga juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, kisha unazivika mbao nyembamba kama ngozi. Mimi nimezaliwa chini ya meza ya cherehani. Karatasi ikishafika mkononi mwangu lazima niongeze pindo, upana wa kidole pande zote, maana nguo isiyo na pindo utaishonaje? Nikakata mataruma yote na pindo lake. Kumbe mjenzi wa meli hufanya kinyume: anapunguza, kwa sababu ngozi inakuja kwa nje na ina unene wake. Tulipomaliza kuvika, meli ilikuwa imevimba kama mtu aliyeumwa na nyuki.

Injinia Wekesa aliizunguka mara mbili. Ni Mkenya, mtu wa ofisi, wakati huo alikuwa anakuja Jumamosi na shati lake jeupe na hajawahi kulichafua. "Mapendo," akasema, "hii umeichora ama umeipikia ugali?"

Darasa zima likaanguka kicheko. Lakini tulipoitia kwenye beseni la kufulia, meli ile nene ilikaa majini kama bibi kwenye mkeka. Huitikisi. Niliona hilo nikanyamaza. Injinia akasema sura haifanani na za kitabuni, majaji wataikataa, tuanze upya. Tukaanza upya, nyembamba, nzuri. Meli nzuri haina msamaha. Liandikeni hilo mahali.

Sasa niwape ujuzi, huu utawafaa hata baada ya mimi kusahaulika. Meli haipinduki kwa sababu ya uzito. Inapinduka kwa sababu ya mahali uzito ulipo. Uzito wa chini ni rafiki, mabaharia wa zamani wanauita farumi. Sisi farumi yetu ilitoka dukani kwa Baba: ile kamba yenye vipande vya madini ya risasi inayoshonwa kwenye pindo la pazia ili lianguke vizuri. Nililaza kamba hiyo juu ya mkuku, safu kwa safu. Baba alilalamika kwamba mapazia ya mtaa wa Rosettenville mzima yatapepea mwaka huo.

Kujua kama meli yako ina nguvu ya kusimama, fanya hivi. Iweke kwenye beseni, maji yatulie. Funga bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, kwenye uzi, uning'inize katikati ya meli mbele ya kipande cha rula. Kisha weka uzito mdogo upande mmoja wa sitaha, mimi niliweka mkasi mdogo wa vifungo. Meli italala kidogo, bobini itasogea kwenye rula. Ikisogea kidogo, lala usingizi. Ikisogea sana, usilale. Wachoraji wa zama zile za mvuke walifanya hivyo hivyo kwa meli nzima bandarini, wakisukuma vyuma sitahani na kutazama uzi. Niliposoma hivyo nilifurahi kama mtu aliyegundua ana ndugu.

Na jambo la winchi, ambalo lilinichukua muda mrefu kulielewa. Mashua ikiwa imekaa kwenye kitanda chake sitahani, uzito wake uko pale sitahani. Ukiinyanyua tu, hata kwa unene wa kadi, uzito wake wote unahamia kwenye ncha ya mkono wa winchi. Unaruka juu, ghafla, bila wewe kuona kitu kimeruka. Jaribuni: shikeni fimbo ya ufagio wima, ning'inizeni kindoo kwenye ncha, muone kiganja kitakavyowaambia. Kwa sababu hiyo mchoraji wa meli mama lazima abaki na akiba. Sehemu tupu juu ya sitaha. Uzito ulioachwa kwa makusudi usiwekwe.

Akiba nilijifunza kwa Baba. Mteja akileta kitambaa cha kanzu, Baba anaacha pindo pana kwa ndani, halionekani. "Huyu ataongezeka," ananiambia mteja akishatoka. Basi na mimi niliacha sitaha yangu wazi mbele na nyuma, nikaweka winchi moja tu katikati, inayoendeshwa kwa maji ndani ya mabomba ya sindano za hospitali. Amani alikuwa anasukuma bomba hapa, mkono unanyanyuka kule, laini kabisa. Bobini ilisogea kiasi nilichotaka. Mashua yenyewe niliitengeneza kwa kopo la samaki, nikaichonga pua, nikaipaka rangi ya kijivu. Kulabu ya winchi ilikuwa ile ya kufungia kiuno cha sketi.

Tulikuwa tumemaliza, mnaelewa? Ilikuwa inasimama.

Halafu ukaja mchango.

Nyinyi mnajua kanisa letu. Harusi ni mchango, msiba ni mchango, paa likivuja ni mchango, na mchango unapelekwa mbele watu wakiona. Injinia alitangaza kwamba vijana wanakwenda kushindana, mwenye chochote asaidie. Alitaka gundi na rangi. Lakini tangazo halikusema gundi na rangi.

Jumapili iliyofuata meli iliwekwa mbele, kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Mama Noella, msusi, akaja na kengele ya shaba, kengele ya kweli inayolia, akaifunga juu ya mlingoti kwa uzi wa kusukia. Wengine wakaleta minyororo, nanga, bendera yenye mti wa chuma. Kila mtu alipofika alitazama sitaha yangu akasema neno lile lile: "Mbona hapa pako wazi?" Akajaza.

Mwisho akasimama Papa Musafiri. Ni mzee wa kanisa, mlinzi wa maduka, na ni mtu mwema, nataka mjue hivyo kabla sijaendelea. Alikuwa ameenda kwa rafiki yake anayeyeyusha vyuma, wakayeyusha vitasa vya milango vya zamani, wakamimina mizinga minne. Mizito kama dhambi. Akaipanga mwenyewe sitahani, miwili mbele, miwili nyuma, juu ya akiba yangu yote.

"Nilikuja kutazama hii meli," akawaambia watu, "nikaona ni meli ya vita na haina mizinga! Wapendwa, meli ya vita bila mizinga ni sawa na mwanaume kwenda ukweni bila suruali."

Vigelegele. Hivyo ndivyo vigelegele nilivyowaambia.

Jioni ile, beseni, uzi, bobini. Niliweka mkasi wa vifungo ubavuni, na bobini haikusogea, ilikimbia. Nikaondoa mizinga, ikatulia. Nikairudisha, ikakimbia. Kengele na minyororo niliweza kuishi navyo. Mizinga hapana.

Nilimfuata Injinia Wekesa kwenye gari lake na nikasema. Mimi, nisiyesema. Nikamwambia mizinga ikibaki juu, mashua ikinyanyuliwa tutalala.

"Sasa wewe unataka nimwambie mzee wa watu arudishe kitu alitoa mbele ya kanisa?"

"Tuiweke chini, ndani ya tumbo. Itakuwa farumi."

"Mizinga ndani ya tumbo?" Akacheka, si kwa ubaya. Akaona uso wangu, akaacha. "Sikiza. Tukifika kwa bwawa nitaitoa pole pole, niseme ni sheria ya majaji. Hiyo ni kitu ndogo, usijali. Sawa?"

Nikasema sawa. Lakini nilirudi nyumbani bado najali, nikamwendea Baba. Alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Baba, ongea na Papa Musafiri. Wewe atakusikia."

"Mama," Baba ananiitaga hivyo, "tulipofika huku kutoka Uvira, nani alitupa chumba?"

"Papa Musafiri."

"Yeye akalala wapi?"

"Kwenye kiti. Kazini."

"Basi."

"Lakini Baba, maji hayajui nani alitupa chumba."

Akaweka suruali ya mteja chini. Nilidhani nimeshinda. "Maji hayajui," akasema. "Mimi najua."

Ningekuwa na chuki ningekuwa na raha. Shida ni kwamba Baba alikuwa na haki, na bobini ilikuwa na haki.

Siku ya bwawa jua lilikuwa zuri mno. Makundi yote yalikuwa yamepanga meli kwenye ukingo wa saruji, majaji na kofia zao, watu wa kanisa na vyakula. Papa Musafiri alikuja na suti ya harusi ya mwanawe. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, ana simu mkononi, ndugu zake wa Uvira wote wako kwenye kioo. "Muone! Hapana, si huyo mutoto, muone huku! Mizinga yangu hii!" Akaisogeza simu karibu hadi ikagusa mlingoti, kengele ya Mama Noella ikalia.

Nilimtazama Injinia Wekesa. Injinia alimtazama Papa Musafiri, akatazama suti, akatazama simu. Kisha akanitazama mimi, na akaenda kupima joto la maji. Joto la maji! Nani alimwuliza?

Nilipaswa kwenda kung'oa mizinga ile kwa mkono wangu. Mtasema hivyo na mimi nimejisemea hivyo. Lakini ningeing'oa mbele ya simu ile, mbele ya ndugu zake wote, mtu ambaye alilala kwenye kiti ili mimi nilale kitandani. Miguu haikwenda.

Tukaitwa. Amani akapiga magoti, akashika bomba. Akaninong'oneza, "Mapendo, mizinga bado iko juu."

"Naona."

"Nisukume?"

Jaji alikuwa amekwisha kuinua mkono. "Sukuma."

Mashua ikatoka kitandani mwake. Kwa unene wa kadi tu, na nikaona meli ikishituka, maana uzito umeruka. Mkono ukazunguka hadi nje ya ubavu, mzuri, laini, kama tulivyouchora, na meli ikaanza kuinama kuufuata. Iliinama polepole sana. Ilikuwa inajaribu, hilo ndilo linaloniuma, kuna mahali ilisita kabisa kama mtu anayefikiri. Halafu mizinga ya upande ule ikateleza kwa pamoja, na meli yangu ikalala, kengele ikalia mara moja, dohani ikanywa maji.

Kulabu ya sketi ikaachia. Mashua ya kopo la samaki ikaanguka majini kwa mkao wake, wima, na upepo ukaichukua. Ikaenda zake peke yake katikati ya bwawa, haijayumba hata kidogo.

Papa Musafiri alivua viatu, akaingia na suti, akaitoa mizinga mmoja mmoja. Akaifuta kwa tai. "Iko mizima!" akatupigia kelele. "Mungu ni mkubwa, yote minne!"

Jaji mkuu, mzee mpole, akaja akauliza mchoraji ni nani. Mwaka mzima Injinia Wekesa alikuwa akisema tumechora, tumepima, tumeamua. Siku ile aliniwekea mkono begani. "Ni huyu. Ni msichana mwerevu, lakini bado anajifunza."

Nilifungua mdomo kama kwenye kwaya.

Nyuma yangu wazee walikuwa tayari wanaendesha kesi. "Ni ile winchi," Papa Musafiri akawaeleza, akiwa amelowa hadi kiunoni. "Mutoto aliweka winchi kubwa sana, iko inavuta meli." Wakakubaliana naye. Mama Noella akanikumbatia, akaniambia pole, kwamba mambo ya vyuma ni magumu kwa msichana. Baba alikuwa pembeni anakunja kitambaa cheupe cha meza. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Tangu siku ile anaacha kiti chake cha cherehani nikae mimi.

Desemba ile msichana wa kundi la Observatory alikwenda kwenye ofisi ya wachoraji. Nasikia walimpa meza karibu na dirisha. Mimi nilishona sare za shule.

Meli waliikausha, wakaipaka rangi upya. Winchi, kwa kuwa ndiyo mkosaji, wakaigandisha kwa gundi isizunguke tena. Mizinga wakaikazia sitahani, na mkuku wakaupigilia misumari kwenye ubao wa chini. Ndiyo maana mnaiona imesimama wima hivyo. Papa Musafiri huwaonyesha wageni kila Jumapili, na anasema kwa upendo wa kweli kwamba ni kazi ya binti yake Mapendo. Hapo ndipo ninapopita mlango wa nyuma.

Basi mkichora, acheni akiba, na siku moja mtu mwema, mnayemheshimu, atakuja kuuliza mbona hapa pako wazi. Mimi sina dawa ya siku hiyo. Injinia anajua hesabu yote ya meli na hana dawa. Labda mmoja wenu ana mdomo kuliko sisi.

Sasa kulabu. Chungulieni kupitia kioo, kwenye ncha ya mkono wa winchi. Mtaikuta tupu. Mkiuliza, mtaambiwa kwamba mashua ilipotea bwawani. Haikupotea. Amani aliifuata kwenye matete akarudi na viatu vimejaa tope, akanipa. Iko dukani kwetu, juu ya rafu ya nyuzi, na ndani yake naweka bobini. Wiki iliyopita Injinia Wekesa alijua, akaja mwenyewe, akasimama mlangoni na shati lake jeupe. Akasema sanduku la kioo halijakamilika, wazee wameomba, na Papa Musafiri atafurahi sana, niitoe tu kama mchango.

Mteja alikuwepo, Baba alikuwepo. Nilisimamisha cherehani.

"Hapana," nikasema.

Alidhani hakusikia, maana hajazoea sauti yangu. Nikalirudia neno lile.